Kuta Mbili za Sahani ya Mama

1

Mdogo wangu Asumpta alifika Mgeta siku mbili kabla ya kufungua sahani ya Mama, na kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha chai alikuwa ameshanizidi kwenye kazi yangu mwenyewe.

Nasema hivyo bila kupaka mafuta. Mimi ni mtu wa wivu. Nimekuwa hivyo tangu siku ambazo yeye alibebwa mgongoni na mimi nikaambiwa nitembee kwa sababu nimeshakuwa mkubwa. Nilikuwa na miaka mitano. Wapo wanaojua kuuficha wivu wao, lakini mimi kazi hiyo ilinishinda zamani.

Alishuka kwenye gari la umeme linalokuja kuchukua kabichi, viatu vyake vya ngozi havina hata doa la tope, jambo ambalo huku milimani huwa halitokei. Akanikumbatia kwa muda mrefu. Kisha akaketi kwenye kigoda cha karakana, akafungua begi, akatoa kitu kilichozungushiwa khanga.

"Nimekuletea zawadi, Dada," akasema. "Ya mashine yako."

Ulikuwa mrija wa kauri, mweupe, urefu wake kama kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole. Niliugeuza huku na huku nikitafuta kasoro.

Inabidi nieleze mashine yenyewe. Inasoma sahani za sauti, na mkono wake haushikwi na ekseli wala bawaba. Mkono wake unaelea. Juu ya meza inayozungusha sahani kumelazwa mrija, pampu inausukumia hewa, na hewa hiyo ikitoka kwenye vitundu vya mrija inakibeba kigari kidogo chenye sindano. Kigari hakigusi kitu. Kati yake na mrija kuna hewa nyembamba kuliko unywele, basi. Ndiyo maana sindano inaweza kuufuata mfereji wa sahani kuanzia ukingoni hadi katikati kwa mstari ulionyooka, bila kuburutwa wala kupindishwa. Mrija wangu wa shaba niliutoboa mwenyewe, vitundu arobaini na vinane, kwa miezi minne, na nilivunja sindano za cherehani nisizokumbuka idadi.

Huu wa Asumpta haukuwa na kitundu hata kimoja.

"Hewa inatokea wapi sasa?" nikamuuliza.

"Kote. Kauri yenyewe ina matundu madogo yasiyoonekana. Kazini kwetu Dodoma tunaitumia kuchujia maji. Nikafikiri, kama inapitisha maji, hewa itashindwaje?"

Akafikiri. Mtu ambaye hajawahi kushika sindano ya mashine maishani mwake alikuwa ofisini, akafikiri kidogo, na jibu nililolitafuta kwa miaka tisa likamjia.

Niliutoa mrija wangu, nikaufunga wa kwake, na Mungu anajua niliomba usifae. Nikawasha pampu. Nikakisukuma kigari kwa unyoya wa kuku. Kikaenda hadi mwisho wa mrija, kikagonga kizuizi kwa upole, kikarudi, kikaenda tena, kikarudi tena, na sisi wawili tumekaa tunakitazama. Kwenye mrija wangu kingesimama safari ya pili.

"Kinafaa?" akauliza.

"Si kibaya," nikasema. Kipya kinyemi, nikajiambia, ingawa nilijua kabisa kwamba hapa hakuna kidonda.

2

Sahani ya Mama ilikuwa kabatini, kwenye mfuko wa pamba, na kwenye karatasi yake ya katikati mchongaji ameandika kwa wino: *Kulia, Skolastika. Kushoto, Asumpta.*

Watu waliozaliwa baada ya jua kupiga chafya wanaona sahani ni kitu cha kawaida, kama sufuria. Sisi tunakumbuka. Tunakumbuka ile dhoruba ya jua, na asubuhi tulipoamka na kila kilichokuwa kimehifadhiwa kwenye mitambo kimefutika: picha, barua, sauti za marehemu waliokuwa wanasikilizwa kila Jumapili kwenye simu. Tangu hapo hakuna mtu anayeamini kumbukumbu asiyoweza kuipitishia ukucha. Mtu akihisi siku zake zinakaribia anamwita mchongaji. Mchongaji anachukua maneno yake, anayachonga kwenye bati lililopakwa sandarusi, ile gundi ya miti ngumu inayong'aa kama asali, na familia inasubiri mwaka mmoja. Mwaka ukitimia, waliotajwa kwenye sahani wanakaa pamoja na sahani inafunguliwa. Inachezwa mara moja. Sandarusi haivumilii mara mbili.

Mwenye watoto wawili huchonga sahani ya kuta mbili. Mfereji wa sahani umekaa kama herufi V, una ukuta huku na ukuta kule, na kila ukuta unaweza kubeba sauti yake. Mchongaji anamrekodi mzazi mara mbili kwenye nta, siku moja kwa huyu, siku nyingine kwa yule, halafu anazichonga sauti zote kwa pamoja. Sindano moja inazisoma, na kila mtoto anasikiliza yake kwa spika ya sikio. Kwa hiyo hakuna anayesikia alichoambiwa mwenzake. Watu wanasema ni utaratibu wa busara, na wanaosema hivyo ni wale waliozaliwa peke yao.

Mimi nilimuuguza Mama miaka kumi na mmoja. Asumpta alipelekwa kwa shangazi Dodoma akiwa na miaka saba, na hakurudi ila kwa likizo. Mimi nilimwogesha Mama, nilimlisha, nilimgeuza kitandani, na kila jioni nilimsikiliza akiniuliza kama Asumpta ameandika. Uji ukiwa mzuri, alisema Asumpta angeupenda. Mvua ikinyesha, alisema sijui Dodoma kama imenyesha. Nilikuwa namshika mkono, yeye anamtaja mwingine. Basi mkinisikia nina ndimi za moto, mjue kuni zilichanjwa siku nyingi.

3

Kila sahani huja na mwenza wake. Ni sahani ndogo aliyoichonga mchongaji siku ileile, kwa sandarusi ya chungu kilekile, na ndani yake anahesabu tu: ukuta wa kulia kuanzia moja kwenda mia, ukuta wa kushoto kuanzia mia kurudi moja. Hesabu hiyo imerudiwa kwenye mistari mitatu. Fundi anaitumia kurekebishia mkono, na akishacheza mistari yote mitatu inatupwa. Majaribio matatu, hakuna la nne.

Asubuhi ya siku iliyofuata niliifanyia kazi mashine kwa saa nne mfululizo. Nilibadilisha mchele uliokaangwa kwenye gudulia la kukaushia hewa, kwa sababu ukungu wa Mgeta unaingia hata ndani ya mpira wa pampu na tone moja tu la maji linakwamisha kigari. Nilifunga tangi la pili kati ya pampu na mrija. Pampu inahema, na usipoipitisha hewa kwenye tangi ikatulia, sindano nayo itahema. Nilizitoa nyaya nne zinazobeba sauti kutoka kwenye sindano, nikaweka nyingine nyembamba zaidi na kuzining'iniza kutoka juu, maana kigari kinachoelea kinavutwa hata na waya. Mwisho nikaweka pima maji juu ya mrija wa kauri, nikazungusha skrubu ya upande wa kulia hadi kiputo kikasimama katikati barabara.

Nikacheza mstari wa kwanza, spika moja kila sikio.

Kulia mchongaji alihesabu vizuri hadi kumi na nane. Kushoto alirudi hadi themanini na tatu. Halafu pande zote mbili zikaanza kukatikakatika, namba inasikika, namba haisikiki, na kufikia hamsini nilikuwa nasikia mchanga tu. Niliinua sindano nikatazama kwa kioo cha kukuzia. Sandarusi ilikuwa imekauka kupita kiasi. Kuta zote mbili zilikuwa zinamomonyoka.

Nilikaa nikafikiri. Mrija ukilala sawasawa, sindano inaegemea kuta zote kwa nguvu sawa, yaani kwa nguvu ndogo. Ukuta dhaifu unatetemeka, unamenyeka. Je, mrija ukiinama kidogo? Kigari kitataka kuteleza upande ulioinama, na sindano itauegemea ukuta wa upande huo na kuushikilia usibanduke hadi umesomwa.

Nikaizungusha skrubu robo mzunguko, mrija ukainamia kulia. Nikacheza mstari wa pili. Kulia mchongaji alihesabu kutoka moja hadi mia bila kuruka hata namba moja. Kushoto hakukuwa na mtu. Niliangalia ukuta wa kushoto kwa kioo, nikakuta umekuwa vumbi la njano chini ya mfereji.

Mstari wa tatu niliinamishia kushoto. Safari hii kushoto ikatoka nzima, mia hadi moja, na kulia ikawa vumbi.

Basi hali ilikuwa hiyo. Nikiulaza mrija sawa, wote wawili tutapata vipande vya mwanzo, kisha mchanga. Nikiuinamisha, mmoja wetu atamsikia Mama kwa dakika zote tisa, na mwingine hatamsikia tena milele.

"Inaendaje, Dada?" Asumpta aliuliza kutoka jikoni. Alikuwa anamenya njegere, amejifunga khanga yangu.

"Vizuri," nikasema.

Haki ilikuwa kumwita pale pale, nimwoneshe vumbi, tukae tuamue pamoja. Haikuhitaji kusoma kujua hilo. Hata kupiga kura kwa punje za mahindi kungekuwa haki. Nilisimama na mkono kwenye skrubu nikisubiri nione kama nitamwita, na sikumwita.

4

Mchana tulikula ugali na njegere barazani. Mbele yetu matuta ya kabichi yalishuka hadi mtoni, na watu walikuwa wanapalilia. Habari kwamba kesho kuna sahani ilikuwa imeshaenea mlima mzima, maana siku ya sahani kila mtu huacha jembe chini kwa dakika chache. Ardhi ikitikisika, mkono wa hewa unasikia.

"Unategemea atakwambia nini?" Asumpta akaniuliza.

"Sijui. Labda atanipa asante."

Akacheka kidogo. Aliona ni utani. "Mimi nina swali moja tu," akasema. "Nimelibeba miaka ishirini na sita. Kwa nini nilipelekwa mimi?"

"Ulipelekwa ukasome. Ulipata bahati."

"Shule zilikuwepo hata hapa. Wewe ulisoma hapa." Alikuwa anavingirisha tonge bila kulila. "Nilimwandikia nikamuuliza mara tatu. Akanijibu kwamba jambo hilo si la kuandika, atalisema kwa mdomo wake. Kila nikija likizo ananikwepa. Sasa nadhani kalisema kwenye sahani. Lazima kalisema, Dada. Asingekufa nalo."

Nikamsogezea bakuli la njegere.

"Unajua kilichokuwa kinaniuma?" akaendelea. "Mlima mzima ulimwita Mama Skola. Nikija, watu wananiuliza, wewe ni mgeni wa Mama Skola? Nilikuwa nakaa nyumba ya mtu, nalala kitanda cha mtu, nikijiuliza mimi mwenzenu nilikosa nini."

Mtu mwenye moyo mzuri angemwonea huruma. Huruma ilinijia, sikatai. Lakini ilikuja imechelewa, na ilikuta wivu umeshakaa kwenye kiti. Kwa hiyo hata uchungu alikuwa nao mkubwa kuliko wangu? Hata katika kuonewa anizidi? Miaka yote nilidhani walau hilo ni langu peke yangu.

"Kula," nikamwambia. "Ugali unapoa."

Baada ya chakula nilirudi karakana nikafunga mlango. Niliwaza kuigawa sahani, nianze kwa kuinamia upande mmoja na katikati nigeuze skrubu. Lakini mwenza wa sahani alikuwa amekwisha, sikuwa na pa kujaribia. Kuigeuza skrubu wakati sindano imo mferejini kunaweza kukirusha kigari kikachana kuta zote. Nilijiambia hivyo, na ilikuwa kweli. Sikujiambia kwamba nilifurahi kuwa na kisingizio kizuri namna hiyo.

Kisha nikaweka pima maji juu ya mrija, nikazungusha skrubu robo mzunguko. Kulia.

5

Tulifungua sahani saa tatu asubuhi. Nilitundika kitambaa cheupe juu ya paa, na kutoka dirishani nikaona watu wanaacha majembe, mmoja baada ya mwingine, hadi kule ng'ambo ya mto. Mashine ya kukoboa ikazimwa. Mlima ukawa kimya, ukisubiri familia yetu imalize.

Asumpta alikuwa amevaa gauni jeusi na amesuka nywele upya. Nilimpa spika ya kushoto. Aliishika kwa mikono miwili, akaiweka sikioni taratibu, akafumba macho. Mimi nikachukua ya kulia. Mkono wangu mmoja nikauweka kwenye skrubu kwa mazoea tu, fundi huwa haachi kushika mashine. Nikateremsha sindano.

Kulikuwa na mkwaruzo mfupi. Halafu Mama akakohoa, karibu kabisa.

"Skola," akasema. "Umeketi? Najua hujaketi. Keti."

Nikaketi.

"Wewe sina jipya la kukwambia, mwanangu. Tumesemeshana miaka yote hii hadi tumechokana. Nilivyokugombeza umesikia, nilivyokushukuru umesikia, na kama sikukushukuru vya kutosha, basi ni ukaidi wangu, unaujua. Kwa hiyo nimemwomba huyu mchongaji akuwekee kipaza sauti dirishani. Uko nje unafua. Nataka usikie ninachosikia mimi nikiwa nimelala hapa. Maneno yangu yote nimempa mdogo wako. Yeye ndiye sikumsemesha."

Kisha akanyamaza, na nikaanza kusikia maji.

Ilikuwa sauti ya nguo zikifikichwa kwenye karai. Mtu alikuwa anaimba wimbo wa Jumapili ya Matawi, ametoka nje ya sauti kabisa, anarudia ubeti uleule kwa sababu hajui unaofuata. Mtu huyo akamfokea kuku aliyekanyaga shuka, akamwita mwanaharamu, akaendelea kuimba palepale alipoishia. Na karibu zaidi, chini ya hayo yote, palikuwa na pumzi ya Mama. Alikuwa anacheka kimya kimya, ule mcheko wa puani ambao sikuwahi kuusikia, kwa sababu kila nilipoingia chumbani aliuacha.

Alikuwa ananisikiliza. Miaka yote ile niliyodhani masikio yake yako Dodoma, alikuwa amelala pale ananisikiliza.

Nilitaka zote. Dakika tisa za mtu anafua shuka. Nisingebadilisha na kitu chochote duniani. Nililia bila aibu, kamasi na machozi, na katika kupangusa uso nikamwona Asumpta.

Alikuwa bado amefumba macho, lakini uso ulikuwa umekunjamana. Alikuwa ameibana spika sikioni kwa nguvu mpaka vidole vimekakamaa. Hakulalamika. Hakuniuliza. Alikuwa ameshaanza kukubali, na uso huo naujua, niliuona mara moja tu, siku alipopandishwa kwenye gari la shangazi akiwa na kisanduku cha bati. Alikuwa anasikiliza mchanga, na alidhani mchanga ndio aliopewa.

Saa ya mashine ilionesha dakika ya tatu na nusu. Maneno yote nimempa mdogo wako. Yalikuwa yanageuka vumbi chini ya macho yangu, mzunguko kwa mzunguko.

Nikaanza kuizungusha skrubu.

Sikuizungusha kwa haraka. Niliisogeza kwa unene wa ukucha, nikasubiri kigari kitulie, nikaisogeza tena. Mrija wa shaba usingekubali. Kigari kingekwama kwenye kitundu, kingeruka, na kila kitu kingekwisha. Mrija wa kauri wa mdogo wangu ulikibeba kigari kote kwa usawa, na sindano ikahama kutoka ukuta mmoja kwenda wa pili bila kuruka. Sikioni mwangu yule mwanamke anayefua akaanza kwenda mbali. Nilisikia kipande cha wimbo. Nilisikia Mama akivuta pumzi kama anayetaka kusema neno, na sijui kama alilisema. Kisha ukaja mchanga.

Asumpta akashtuka. Akafumbua macho, akanitazama, ila hakuwa ananiona mimi. Baada ya muda akatikisa kichwa, kama anayejibu, na baadaye kidogo akacheka kwa sauti, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Nisijifanye mtakatifu. Kwa dakika tano zile nilishika skrubu, mchanga ukinijaa sikioni, nikimtazama mdogo wangu akicheka kwa maneno ya Mama nisiyoyasikia, na wivu ulikuwa palepale, haujapungua hata punje. Nusu mzunguko tu kurudi kulia, na bado ningebaki na dakika kadhaa za kufua. Nilikuwa nahesabu. Nilijua hasa ningepata ngapi. Nilikaza vidole kwenye skrubu nisiizungushe, na mkono ukaniuma hadi begani.

Sindano ikafika katikati. Nikaiinua. Nikateremsha kitambaa cheupe, na huko nje majembe yakaanza tena.

Asumpta alikuwa ameshika spika mapajani. Uso wake ulikuwa umelowa na umelainika, amekuwa kama mtoto.

"Alikumbuka gauni langu la njano," akasema. "Alisema kila siku ya kuzaliwa kwangu alikuwa anataka mchicha wa nazi upikwe, anasema wewe ndiye unayeupenda. Kumbe ni mimi niliyekuwa naupenda. Ulijua hilo?"

"Sikujua." Mimi mchicha wa nazi siupendi. Niliula miaka ishirini na tano kwa heshima.

"Lakini mwanzo haukusikika, Dada. Ulikuwa mkwaruzo tu, muda mrefu. Nilidhani hakuniachia kitu. Halafu akaingia katikati ya maneno. Unajua neno la kwanza nililosikia?" Akaiweka spika chini. "Alisema, 'Basi hiyo ndiyo sababu, mwanangu. Nimeshaisema, na sitairudia.' Kisha akaanza mambo ya gauni."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama sahani. Kwenye nusu ya nje ya mfereji, upande wa kushoto, kulikuwa na vumbi laini la njano, dakika tatu na nusu za vumbi, na pumzi ya mtu ingetosha kulipeperusha.

"Sababu gani?" Asumpta akauliza. "Upande wako hakuitaja? Hata neno moja?"

Ilikuwa rahisi kudanganya. Sandarusi ilikauka, ningesema, sahani za mwaka ule zote ni mbovu, tushukuru tulichopata. Hakuna fundi nchi hii ambaye angenipinga, na Asumpta angenishukuru kwa kuokoa nusu. Angerudi Dodoma anaamini kwamba bahati ndiyo iliyomnyima, na bahati mtu haichukii. Nikimwambia ukweli, huenda asikanyage tena Mgeta, na mimi sina mtu mwingine.

Alikuwa ananisubiri. Hakuwa na haraka, alishazoea kusubiri.

Nikazima pampu. Kigari kikashuka, kikalala juu ya mrija aliouleta. Sababu ya Mama sikuwa nayo, na hakuna mashine itakayoirudisha. Niliyokuwa nayo ni yangu tu. Nikavuta kigoda, nikaketi mbele yake, nikaanza kumwambia.